Faksi kutoka kompyuta ya nyumbani: modemu na waya wa simu, au huduma ya mtandaoni?

Jirani yangu hapa Bweyogerere, mzee tunayemwita Afande, alinijia Jumatano moja jioni na bahasha ya kaki kwapani. Alistaafu jeshi, kisha akaenda Iraq kulinda malango ya kambi kama walivyofanya Waganda wengi miaka ile, akarudi na goti lisilokunjika vizuri. Sasa anadai fidia. Kampuni ya bima huko Marekani ilimtaka atume ripoti ya daktari, kurasa 11, na ikaandika wazi kwamba inazipokea kwa faksi.

"Binti yangu, wewe una kompyuta. Nitumie hii."

"Karibu ukae, Afande. Kompyuta ninayo. Laini ndiyo sina."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba sufuria ipo, mchele upo, ila moto hakuna.

Mimi kazi yangu ni makaratasi ya watu: kujaza fomu, kutafsiri barua, kupanga hesabu za maduka madogo. Faksi inanijia mara chache kwa mwaka, lakini ikija huwa na haraka, na mwenye shida huwa tayari ameshapoteza siku mbili tatu akihangaika. Nimetumia njia zote mbili, ya modemu na ya mtandaoni, na zote mbili zimewahi kunikwama. Ninayoandika hapa ni kwa mtu aliye nyumbani Uganda, mwenye kompyuta ya kawaida, anayetaka kujua ashike njia ipi na ikikataa aanzie wapi.

Kabla ya yote, rudi kwa anayeitaka hiyo faksi umuulize kama kweli hana barua pepe wala tovuti ya kupakia faili. Mara nyingine maneno "tuma kwa faksi" yamebaki tu kwenye fomu ya zamani. Uingereza, hospitali za serikali zilikatazwa kununua mashine mpya za faksi tangu Januari 2019. Marekani bado: hospitali, mawakili, bima na ofisi ya kodi zinaishikilia. Jibu likiwa ni faksi tu, endelea kusoma.

Swali la kwanza ni laini

Faksi ni sauti. Mashine hupiga simu, nyingine hupokea, kisha zinaanza kupigiana miluzi ambayo ndani yake mna picha ya ukurasa, nukta nyeusi na nyeupe, 1,728 kwa kila mstari. Kanuni zinazotumika hadi leo, zile za Kundi la 3, ni za mwaka 1980, na zilitungwa kwa ajili ya waya wa shaba unaobeba sauti kama ilivyo, bila kuibana wala kuikatakata.

Waya huo kwetu uko wapi? Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwaka 1998, nyaya zilikwenda kwa Uganda Telecom, na ziliishia zaidi mijini na maofisini. Celtel ilikuwa imekwisha kuingia 1995, MTN ikaingia 1998 hiyohiyo, na nyumba nyingi zikaruka moja kwa moja kwenye simu ya mkononi bila kuuona waya. Kwa hiyo mtu akisoma maelekezo ya Marekani yanayosema "chomeka modemu kwenye tundu la simu ukutani", anatazama ukuta na ukuta unamtazama.

Kuna mitego mitatu ambayo nimeona watu wakinaswa nayo, na yote inahusu laini.

Wa kwanza ni neno lenyewe. Hapa tukisema modemu tunamaanisha kile kijiti cha USB chenye laini ya MTN au Airtel ndani yake, cha kuingilia intaneti. Modemu ya faksi ni kitu kingine kabisa: ina tundu dogo la waya wa simu na kazi yake ni kupiga simu na kupiga miluzi. Ukifungua programu ya faksi ya Windows ukiwa umechomeka kijiti cha intaneti, itakwambia haioni modemu ya faksi, na haikosei.

Wa pili ni simu ya mezani isiyo na waya. Zipo simu zinazofanana kabisa na za mezani, zina mkono wa kusikilizia, nyingine zina hata tundu la waya wa simu nyuma na ukisikiliza unapata mlio wa laini. Lakini ndani yake kuna kadi ya SIM. Sauti inapita kwenye mtandao wa simu za mkononi, na mtandao huo huibana sauti kwa namna inayofaa koo la binadamu tu. Mluzi wa faksi ukipita humo unatoka upande wa pili umevurugika. Mwenye duka mmoja alimuuzia mteja wangu simu hiyo pamoja na mashine ya faksi, na mteja akahangaika wiki nzima akidhani mashine ni mbovu. Mashine ilikuwa nzima.

Wa tatu ni printa yenye faksi. Watu hununua printa kubwa ya kazi zote, wanaona kitufe cha "Fax", wanaona na tundu nyuma, wanafurahi. Tundu hilo linataka waya uleule. Printa hiyo ni modemu ya faksi iliyovaa koti. Hata programu kama PC-FAX ya Brother, inayokuwezesha kutuma kutoka kompyuta kana kwamba unachapisha, bado inapitisha kazi kwenye printa, na printa bado inataka laini.

Kama una waya wa shaba wa kweli, una haki ya kuchagua. Kama huna, umeshachaguliwa, na unaweza kuruka sehemu inayofuata.

Modemu na waya: inavyokwenda na inavyokataa

Unahitaji vitu vitatu: laini hai, modemu ya faksi ya USB (mimi nilikuwa na USR5637 ya U.S. Robotics, kidude cha kutoshea kiganjani), na programu. Windows ina yake, Windows Fax and Scan. Kama haionekani kwenye Windows 10 au 11, itafute kwenye orodha ya vipengele vya hiari uiongeze. Kompyuta za mitumba za zamani, zile laptopu nzito za maofisini, nyingine bado zina tundu la simu ubavuni, na hapo huhitaji kununua kitu. Linux nayo ina efax-gtk na HylaFAX, kwa wanaopenda kujitesa.

Kosa linaloongoza ni "hakuna mlio wa laini". Usianze kugusa kompyuta. Chomoa waya kwenye modemu, uchomeke kwenye simu ya kawaida ya mezani, usikilize. Kimya? Tatizo ni la laini na hakuna programu itakayolitibu. Ukisikia mlio, tazama matundu: modemu nyingi zina mawili, moja la laini na moja la kuchomekea simu, na yakibadilishwa hakuna kinachokwenda. Tazama pia kama waya wa simu haukuchomekwa kwenye tundu la mtandao wa kompyuta. Unaingia humo bila shida, unakaa tu bila kukaza. Kama laini hiyohiyo inabeba intaneti ya ADSL, weka kichujio kati ya ukuta na modemu.

Kuna wakati mlio upo ila modemu haiutambui, hasa mlio unaokatikakatika kwa sababu ya ujumbe wa sauti, au wa mtambo mdogo wa simu wa ofisini. Ondoa alama kwenye kisanduku cha "subiri mlio kabla ya kupiga", au weka amri ya ziada ATX3 kwenye mipangilio ya modemu. Itapiga bila kuuliza.

Pili, inapiga lakini haifiki popote. Alama ya kujumlisha tuliyoizoea kwenye simu ya mkononi haina maana kwa modemu. Kutoka Uganda unaanza na 000, halafu namba ya nchi. Kama unapitia mtambo wa ofisi, ile 9 ya kutokea nje ifuatwe na mkato: mkato mmoja ni pumziko la sekunde mbili hivi, na bila pumziko hilo tarakimu za mwanzo zinamezwa.

Tatu, na hii ndiyo inayoumiza: inaunganisha, unasikia miluzi, ukurasa wa kwanza unakwenda, wa pili unakatika. Hiyo ni laini chafu. Punguza mwendo wa modemu kutoka biti 14,400 kwa sekunde hadi 9,600. Faksi itachelewa kidogo lakini itafika. Urekebishaji wa makosa, ule unaoandikwa ECM, kwenye waya wa shaba uache umewashwa, kwa sababu unatuma upya vipande vilivyoharibika. Kama laini yako inapitia kisanduku cha simu za intaneti, kuuzima mara nyingine kunasaidia: utapata mistari michache iliyopotea, lakini simu haitakatika. Visanduku hivyo vina utaratibu wao wa faksi, T.38, na ni lazima kisanduku na mtoa huduma wote wawili waufuate. Kwa intaneti ya simu ya mkononi, yenye kurukaruka, mimi sipotezi muda huko.

Washa spika ya modemu. Ni ushauri mdogo lakini umeniokoa mara nyingi. Ukisikia mluzi mrefu mwembamba wa kama sekunde tatu, mashine ya pili imepokea. Ukisikia "Hello? Hello?" basi umepiga namba ya mtu, naye saa hiyo anasikia mlio wa pii, kimya, pii, na anakulaani.

Halafu kuna umeme. Kompyuta isilale katikati ya kutuma, kwa hiyo zima usingizi wake. Na kama unategemea kupokea jibu kwa njia hii, kompyuta na modemu ziwe zimewashwa saa zote, usiku kwetu ukiwa mchana kwao. Nani ana umeme wa namna hiyo? Ukikatika saa tano usiku, jibu lako limepita.

Huduma ya mtandaoni: inavyokwenda na inavyokataa

Hapa simu inapigwa na kampuni, kutoka kwenye mitambo yake. Wewe unapakia PDF kwenye tovuti au unaiambatisha kwenye barua pepe, wao wanaigeuza kuwa nukta nyeusi na nyeupe, wanapiga, wanajaribu tena kukiwa na shughuli, kisha wanakuletea taarifa. Majina utakayokutana nayo ni eFax, Fax.Plus, SRFax, FaxZero na wenzao. Kifurushi cha data cha kawaida kinatosha.

Faida moja watu hawaifikirii. Namba nyingi za faksi za Marekani ni zile za bure kwa mpigaji, zinazoanza na 800, 888, 877, 866, 855 na jamaa zake. Ukizipiga kutoka Uganda mara nyingi hazipatikani, hata laini yako iwe safi kama maji ya Bujagali. Huduma inayopiga kutoka Marekani kwa kawaida inazifikia. Mteja aliyenijia na modemu mpya kabisa na laini nzuri ya ofisi alikuwa amekwama hapo tu, kwenye tarakimu tatu za mwanzo. Ukiwa na modemu, tafuta kwenye barua waliyokuandikia kama wana namba nyingine kwa walio nje ya nchi.

Kosa linaloongoza upande huu ni namba. Huduma zinataka namba ya nchi, kisha namba bila sifuri ya mwanzo: ya Kampala inayoandikwa 0414 inakuwa 256 414. Sifuri ikibaki, faksi inakwenda kusikojulikana. (Italia ni wakaidi, wao sifuri yao inabaki.) Kabla sijatuma huwa naipiga namba kwa simu yangu ya mkononi na kusikiliza sekunde tano. Mluzi ukilia, nakata, nimejua ni faksi. Kwa zile za 800 jaribio hili halifai.

Kosa la pili ni faili. Watu wanapiga picha karatasi juu ya meza, kivuli cha mkono kimelala kona moja, wanaipakia hivyohivyo. Faksi haijui kijivu. Kivuli kinakuwa bwawa jeusi, na ukurasa ambao ungepita kwa dakika moja au chini yake unachukua dakika nyingi, mpaka mashine ya pili inachoka na kukata. Tumia programu ya kuskani kwenye simu, chagua nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi zinatosha. Faili itapungua uzito pia, na bando lako litakushukuru. Fomu za PDF za kujaza kwenye kompyuta zina hila yake: ulichokiandika kwenye visanduku kinaweza kubaki nyuma, wakapokea fomu tupu. Ichapishe kwanza kuwa PDF mpya, uifungue uhakikishe maneno yapo. Na PDF yenye nywila haipiti.

Jambo jingine ni urefu wa karatasi, ambalo linahusu njia zote mbili. Sisi tunatumia A4, milimita 297 kwenda chini. Wamarekani wanatumia Letter, milimita 279. Ile tofauti ya milimita 18 inaweza kukatwa, au kumwagikia ukurasa wa pili, na mara nyingi ndipo sahihi ilipokaa. Acha nafasi tupu chini, au punguza ukurasa kidogo kabla ya kutuma.

Huduma za bure ni za kweli, lakini soma mipaka. FaxZero kwa bure inatuma Marekani na Kanada tu, kurasa tatu na jalada (ukurasa wa mbele) lenye tangazo lake, na ina ukomo kwa siku. Kwa barua ya ukurasa mmoja ni zawadi. Kwa kurasa 11 za Afande ingekuwa faksi nne tofauti, zikifika kwa mpangilio zinaoutaka zenyewe, na karani wa upande wa pili akizibana na pini kwenye mafaili mawili ya watu wawili. Sikuthubutu.

Zile za kulipia zinataka Visa au Mastercard, si mobile money moja kwa moja, kwa hiyo uwe na kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. Na uwe macho na "jaribio la bure" linaloomba kadi. Kampuni moja ilinikata miezi mitatu mfululizo kwa faksi moja niliyoituma mwezi wa kwanza, kwa sababu sikufuta usajili kabla ya siku za jaribio kwisha. Kitufe cha kufuta hakikuwepo. Ilibidi kuzungumza na mtu wao mtandaoni, naye akanishauri kwa upole nibaki. Siku hizi naweka kengele kwenye simu siku mbili kabla.

Dalili moja, maana mbili

Ukisoma neno "shughuli" au "haikupokelewa", njia zote mbili zinasema kitu kimoja: mashine yao inatumika au imezimwa, au karatasi imekwisha. Tazama saa. Ofisi ya New York ikifungua saa tatu asubuhi kwao, Kampala ni saa kumi alasiri wakati wa kiangazi chao na saa kumi na moja wakati wa baridi. Mimi hutuma usiku wetu, saa nne au tano, kuna mtu kazini wa kuongeza karatasi.

Ukisoma "imeshindwa ukurasa wa 3", maana zinaachana. Kwa modemu shuku laini yako. Kwa mtandaoni laini si yako, kwa hiyo shuku huo ukurasa wa 3: una picha, una kivuli, una rangi ya nyuma. Usafishe, utume upya kuanzia hapo na jalada linaloeleza.

Ukiambiwa "imetumwa", angalia ni neno gani hasa. Huduma nyingine huandika imetumwa pale faili ilipoingia kwenye foleni yao. Unachotaka ni taarifa yenye namba iliyopigwa, saa na idadi ya kurasa zilizokubaliwa na mashine ya pili. Modemu nayo inatoa taarifa hiyo kwenye folda ya vilivyotumwa. Hata hivyo inathibitisha kwamba mashine imepokea, basi. Ndiyo maana jalada liwe na jina la mpokeaji na namba ya faili au ya madai kwa herufi kubwa. Karatasi 12 zisizo na mwenyewe zinaishia kwenye trei.

Na ukiambiwa "hakuna mlio", uko kwenye modemu. Huku mtandaoni neno hilo halipo, na hiyo peke yake ilinitosha kuhama.

Siri za watu

Hapa modemu inashinda, lazima niseme. Karatasi inatoka kwenye kompyuta yako kwenda kwenye mashine ya mpokeaji bila nakala kubaki kwa mtu wa kati. Huduma ya mtandaoni inaweka PDF yako kwenye mitambo yake, nje ya nchi, mpaka uifute. Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data binafsi tangu 2019, na anayeshika karatasi za matibabu za watu wengine, kama mimi, anatakiwa kujua zilipo. Nikishatuma na kuhifadhi taarifa, nafuta faili kwenye akaunti, na kwenye kapu la taka pia.

Lakini njia ya tatu, steshenari, ndiyo inayotisha zaidi kwa siri. Wandegeya au Nasser Road utampata wa kukutumia, kwa ukurasa mmoja unalipa bei ya rolex kadhaa, zile chapati zetu za mayai, na mara nyingi naye anatumia huduma ileile ya mtandaoni ambayo ungeitumia kitandani kwako. Tofauti ni kwamba ripoti yako ya daktari sasa iko kwenye WhatsApp ya duka na kwenye uso wa kompyuta yao, katikati ya wasifu wa watu na mialiko ya arusi. Nenda huko kama huna kadi ya benki, peleka faili kwenye flashi, kaa hapohapo mpaka upewe taarifa iliyochapishwa, na waifute ukiona.

Basi yupi achukue ipi

Mwenye ofisi mjini yenye waya wa shaba unaofanya kazi, anayetuma mara kwa mara kwenye namba za humuhumu nchini, na ambaye hataki karatasi zake zipite kwa mtu: modemu. Usinunue kabla hujachomeka simu ya kawaida na kusikia mlio kwa sikio lako.

Kijana aliyefungua kampuni Marekani akiwa hapa Ntinda na anataka namba ya kodi, ile EIN: mtandaoni, na achague huduma inayompa namba yake ya kupokelea. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii wala ya mlipakodi ya huko hawezi kuomba kwenye tovuti yao, anajaza fomu SS-4, na akiituma kwa faksi yenye namba ya kurudishia jibu huja kwa kama siku nne za kazi. Kwa posta ni wiki kadhaa. Hapa kupokea ni nusu ya kazi, na modemu ya nyumbani inayozimika na umeme haifai.

Anayetuma mara moja kwa mwaka, ukurasa mmoja au miwili, kwenda Marekani: ya bure, bila kuandikisha kadi popote.

Afande alikuwa hana waya, ana kurasa 11, namba ya bima inaanza na 866, na barua ilimpa siku kumi ambazo sita zilikuwa zimekwisha. Hakukuwa na la kuchagua. Nililipia mwezi mmoja, nikaweka kengele ya kufuta, nikaskani kila ukurasa pale mezani huku yeye akinishikia taa kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda. Saa nne na nusu usiku taarifa ikaja: kurasa 12 pamoja na jalada, zote zimepokelewa. Aliomba ichapishwe. Nikamwambia printa inangoja umeme.

"Inasema wameisoma?"

"Inasema mashine yao imeipata, Afande. Kusoma ni kazi ya watu."

Siku ya tatu barua pepe ikaja kwa wakili wake: ukurasa wa 7, muhuri wa hospitali hausomeki. Nilipoitazama ile PDF nikaona kosa langu. Muhuri ulikuwa wa zambarau hafifu, umegongwa juu ya sahihi ya daktari kama tunavyopenda huku kwetu, na nilipogeuza kuwa nyeusi na nyeupe ukawa doa. Niliuskani upya ukurasa huo kwa kijivu, nikaongeza ukali wa rangi, nikachagua ubora wa juu kwenye huduma, na kwenye jalada nikaandika: ukurasa wa 7 peke yake, unabadilisha wa awali. Ulichukua karibu dakika tatu kupita, ukurasa mmoja.

Sasa Afande akienda kwa daktari anamwambia agonge muhuri pembeni.